Shajara ya mradi wa kutafuta kazi: kutoka Kurasini hadi Duisburg

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Leo nimefungua faili jipya la Excel nikaliita "Mradi Kazi". Mke wangu amenicheka kwenye simu: "Wenzako wanatafuta kazi, wewe unaandika mpango kazi!" Acha acheke. Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia natafuta kazi, kumbe nilikuwa natuma CV moja moja usiku nikitoka ghalani, siku nikikumbuka, halafu nalala.

Hali ilivyo: niko muhula wa tatu kati ya minne, shahada ya uzamili ya lojistiki, kwenye chuo kimoja cha bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani. Nilikuja Oktoba 2023 na ile akaunti iliyofungwa ya euro 11,208, ambayo benki inakuachia 934 kila mwezi na hata ulie vipi haikuongezi. Imekwisha. Sasa naishi kwa zamu za usiku kwenye ghala la vifurushi, kima cha chini cha mshahara, euro 12.41 kwa saa.

Bajeti ya fedha naijua. Bajeti niliyokuwa siijui ni ya siku. Kibali changu cha mwanafunzi kinaniruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Hadi Machi mwaka huu zilikuwa 120 na 240. Nimekaa nimehesabu zamu zangu tangu Januari: siku 97 zimeshaliwa. Yaani nimezitumia karibu zote kupanga maboksi kwenye mkanda, kazi ambayo hakuna mwajiri wa fani yangu atakayeiulizia.

Lengo la kwanza: kabla ya Aprili niwe Werkstudent, mwanafunzi anayefanya kazi ya fani yake kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Lengo la pili: nikimaliza, mkataba wa kudumu. Sheria inampa mhitimu wa chuo cha hapa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Kwa mbali miezi 18 inaonekana mingi.

Hatari kubwa: Kijerumani changu ni B1, yaani ngazi ya kati, tena B1 ya kukariri.

Jumapili, 20 Oktoba

Maombi 14 yametumwa. Majibu: moja, la mashine, linashukuru.

Kituko cha wiki. Karibu kila tangazo hapa limeandikwa m/w/d baada ya jina la kazi. Mwaka jana nilidhani ni namba ya kumbukumbu, nikawa nainakili kwenye barua kwa uaminifu kabisa: "Naomba nafasi yenye kumbukumbu m/w/d." Leo mwenzangu wa bwenini kanieleza: ni mwanamume, mwanamke, au jinsia nyingine. Kuna maofisa utumishi wasiopungua kumi nchi hii wanaoikumbuka barua yangu.

Nimeanza pia kujifunza kusoma lugha ya matangazo. Wakisema wanataka Kijerumani "kizuri sana" usijidanganye na cheti cha B1. Wakisema "ni faida ukiwa nacho", hapo piga hodi.

Jumapili, 17 Novemba

Hesabu ya wiki sita:

Yaliyotumwa: 38
Waliokataa: 21
Kimya: 16
Simu: 1, nikashindwa kujieleza, ikaishia hapo
Wanaosubiriwa: 0

Nimeangalia ni kazi gani nimeomba. Uchambuzi wa data. Ununuzi. Mipango ya uzalishaji. Usimamizi wa ghala. Moja ilikuwa ya masoko, sijui nilikuwa na njaa gani siku hiyo. CV ni ileile, barua nabadilisha jina la kampuni tu, na mara mbili nimesahau hata hilo. Nimekuwa kama mvuvi anayetupa wavu kila anapoona maji.

Siku zilizobaki za kibali mwaka huu: 30.

Jumapili, 1 Desemba

Wiki hii nimekwenda kwa mshauri wa ajira wa chuo. Huduma ni bure na ipo tangu siku nilipojiandikisha. Sikuwahi kwenda kwa sababu nilidhani ni ya wenye shida. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akasoma CV yangu kimya, kurasa mbili. Juu kabisa nilikuwa nimeweka masomo ya muhula huu, programu ninazozijua, mradi wa darasani. Chini kabisa, mstari mmoja: "2017–2021, msaidizi wa lojistiki, Dar es Salaam."

Akaweka kidole kwenye ule mstari. "Miaka minne hii ulikuwa unafanya nini?"

Ukweli ni kwamba niliuficha kwa aibu. Nilikuwa kwa wakala wa forodha pale Kurasini. Ofisi ya vyumba viwili, feni moja, mafaili hadi kwenye choo. Kazi yangu ilikuwa kuandaa kadhia, yaani matamko ya mizigo, kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa Tanzania, kupanga bidhaa kwenye tarifa, ile orodha ya ushuru, kufuatilia ukaguzi, kuhakikisha kontena linatoka kabla gharama za kukaa bandarini hazijammaliza mteja. Nilizunguka na bodaboda na bahasha kifuani. Nani Ujerumani atataka kusikia hayo?

Nikamweleza, kwa Kijerumani kibovu, nikimalizia kwa Kiingereza. Akavua miwani. "Unajua kutafuta msimbo wa bidhaa, ile namba ya ushuru?" Najua. "Unajua masharti ya uuzaji, nani analipa bima, nani analipa meli?" Ndiyo kazi niliyofanya. Akacheka, siyo kwa dharau. Akaniambia kampuni za usafirishaji anazozifahamu zinalia kila siku kwamba hazipati watu wa forodha, vijana wanaona ni kazi ya karatasi. Kisha akauliza kama nimewahi kufika Duisburg.

Nimeipita kwa treni sijui mara ngapi. Pale Ruhr inapoingia Rhine kuna bandari ambayo husemwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kati ya zile za bara, zisizo za bahari. Makontena yanapanda mto kwa matishari kutoka Rotterdam na Antwerp. Mimi nilikuwa nayatazama dirishani nikienda kupanga maboksi.

Jumapili, 15 Desemba

CV mpya tayari. Miaka minne ya Kurasini sasa iko juu na ina mistari sita: aina za mizigo, mfumo, idadi ya kadhia kwa wiki, usafirishaji wa kwenda Zambia na Kongo kwa hati ya kupitisha mzigo. Masomo yameshuka chini.

Kimebaki cheti cha utumishi. Wajerumani wanataka kila mwajiri uliyemfanyia kazi akuandikie barua, na barua hizo zina lugha yake ya ndani. Ukisoma "ametufanyia kazi kwa kuturidhisha" unaweza kufurahi, kumbe umepewa alama ya chini. Alama ya juu inataka "daima" na inataka "kwa ukamilifu kabisa", yote mawili, bila kukosa. Nikampigia bosi wangu wa zamani.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijakuua?"

Tukasalimiana dakika kumi, nikamweleza. Kesho yake barua ikaja kwa WhatsApp, na muhuri juu. Imeandikwa kwamba mimi ni kijana mtiifu, mcha Mungu, sina makundi, na sijawahi kulewa kazini.

Nikampigia tena. "Bosi, barua ni nzuri sana. Ila hawa wanataka waone kazi, siyo tabia."

"Kwani tabia siyo kazi? Ningekuachia funguo za ofisi bila tabia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Lakini alikubali, na toleo la tatu limetaja kadhia, tarifa, ukaguzi, wateja, na "daima" yangu imo. "Sina makundi" amekataa kuiondoa. Nimeitafsirisha kwa mfasiri wa kiapo, akaniuliza ina maana gani, nikamwambia aandike "anafanya kazi vizuri na watu wote".

Jumapili, 12 Januari 2025

Mwaka mpya, siku 140 mpya. Kima cha chini kimepanda hadi 12.82.

Nimebadili utaratibu. Sitaki tena matangazo 38. Nimeorodhesha kampuni nane tu, Duisburg na maeneo ya jirani, zote za uwakala wa mizigo, zote zina idara ya forodha. Nyingine hazina tangazo lolote la mwanafunzi. Naanza na simu, kisha CV.

Matangazo ya hapa huwa na jina la mhusika na namba ya simu, na mimi miezi yote nilidhani ni pambo. Jumatatu asubuhi nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nimefunga mlango, nimepiga. Akapokea mwanamke, akataja jina lake la ukoo tu. Nami, kwa malezi, nikaanza: habari za asubuhi, natumaini umeamka salama, wikiendi ilikuwaje. Kimya. Nikasikia anapiga kibodi. "Nikusaidie nini?" Nikakata salamu, nikasoma karatasi.

Simu ya tatu nilishajua: jina, unachosoma, miaka minne ya forodha, natafuta saa 20 kwa wiki kuanzia Machi, nimtumie nani CV. Sekunde 30. Inauma kidogo kumrukia mtu bila hata kumuuliza hali, lakini ndiyo adabu ya huku.

Matokeo ya simu nane: watatu hawana nafasi, wawili hawapatikani, watatu wameomba CV. Nimelinganisha na Novemba nikacheka peke yangu.

Jumapili, 2 Februari

Usaili ulikuwa Alhamisi, Duisburg. Naandika kwa kirefu kwa sababu sitaki kusahau.

Watu wawili, mkuu wa idara na kijana mmoja wa forodha. Dakika 20 za kwanza nilikuwa nazama. Yule kijana anakula silabi, nami namuomba arudie. Nikaona mkuu anaangalia saa. Kisha akasukuma mbele yangu karatasi yenye picha tano za bidhaa. "Usinipe namba. Nieleze ungefikaje kwenye namba."

Picha ya tatu ilikuwa chupa ya chai. Thermosi ya chuma yenye kikombe juu, ileile iliyoko kila sebule ya Tanga.

Nikahisi nimefika nyumbani. Nikamwambia hii watu wengi wataipeleka sura ya 73 ya tarifa, vyombo vya chuma vya jikoni. Ikiwa ya plastiki nje, wataipeleka 3924. Lakini chupa za kuhifadhi joto zina kifungu chao wenyewe, 9617, huko mwishoni kwenye sura ya 96 ya vitu mbalimbali. Maneno ya kifungu yanatangulia, malighafi haina kauli hapo.

"Umejuaje?"

Nimejua kwa sababu liliniumiza. Mwaka 2019 lilikuja kontena kutoka Guangzhou, orodha ya mzigo imeandikwa "vyombo vya plastiki". Sikufungua katalogi, sikumuuliza mteja, nikaweka 3924 nikatuma. Kwenye ukaguzi boksi la kwanza kufunguliwa ni chupa za chai, maua mekundu nje, kioo ndani. Kadhia ikarekebishwa, faini ikaja, na kontena likalala bandarini siku tisa. Bosi alikata sehemu ya faini kwenye mshahara wangu, na haki yake.

Hayo yote niliyasema kwa Kijerumani. Nilipofika pa kontena kulala, sikuwa na neno jingine, nikatafsiri kama lilivyo: kontena lilisinzia siku tisa. Wakaangaliana. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, yule kijana hadi machozi. Kumbe kwao kontena husimama. Halilali.

Baada ya hapo usaili ukawa mazungumzo. Wakanionyesha tamko la forodha kwenye mfumo wao wa ATLAS. Visanduku vingine sivijui, vingine ni ndugu wa damu wa vile vya TANCIS: asili ya bidhaa, thamani, uzito, utaratibu. Tarakimu sita za kwanza za msimbo ni zilezile Dar na Duisburg. Hapa wanaongeza hadi nane kwa mzigo unaotoka, na kumi na moja kwa unaoingia.

Jumapili, 9 Februari

Mkataba umekuja kwa barua pepe. Euro 15.50 kwa saa, saa 20, kuanzia tarehe 1 Machi. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi, kwenye bima za jamii nakatwa pensheni tu, asilimia 9.3. Ghalani nimeaga. Msimamizi wa zamu, Mturuki mtu mzima aliyekaa huko miaka mingi, kanipa mkono akasema nisirudi.

Ile CV ya pili kati ya tatu imekataliwa. Ya tatu kimya. Nimeziandika kwenye faili hivyohivyo.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi wa kwanza umepita. Machache tu, nimechoka.

Mzigo unaotoka nje ya Umoja wa Ulaya ukizidi euro 1,000 unahitaji tamko la kielektroniki. Ukizidi 3,000, kwanza unapitia ofisi ya forodha ya huku ndani, ndipo uende mpakani. Mfumo ukikubali unatoa MRN, namba yenye herufi na tarakimu 18, na dereva bila hiyo haondoki. Wiki ya kwanza nilikosea tarakimu moja ya uzito, kijana akairudisha bila maneno. Kurasini ningesikia kelele kutoka chumba cha pili. Sijui ipi inafundisha zaidi. Ile ya kelele sijaisahau.

Ofisini nikichelewesha faili wananiuliza: "Kontena limelala?"

Jumanne nimeandaa tamko la kwanza la mzigo wa kwenda Dar es Salaam. Sikumwambia bosi wangu wa Kurasini ni wa nani wala ni nini, hilo haliruhusiwi. Nilimtumia sauti tu: "Bosi, leo nimewaandikia mzigo mnaokuja kuutoa nyie." Akajibu: "Angalia msimbo."

Jumanne na Alhamisi jioni: darasa la B2. Nalipia mwenyewe, na kati ya vyote nilivyonunua kwa ajili ya mradi huu ndicho ninachokiona kila siku kazini.

Jumapili, 20 Julai

Tasnifu imefika sura ya nne. Naandika juu ya makontena yanayopanda kutoka Rotterdam chini ya utaratibu wa T1, ushuru ukiwa bado haujalipwa, na kwa nini hati nyingine huchelewa kufungwa. Kampuni imeniruhusu kutumia takwimu zake bila kutaja wateja. Mtu akiniuliza mbinu moja tu ya kupata kazi hapa nitamtajia hii kabla ya CV: andikia tasnifu yako kwa mwajiri. Kwa miezi sita wanakuona ukifikiri.

Jumatano mkuu wa idara ameniita. Wananitaka Oktoba, mkataba wa kudumu, majaribio miezi sita. Mshahara: euro 42,000 kwa mwaka, kabla ya makato.

Nikaomba siku mbili. Hesabu yenyewe ni hii. Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha ukaazi na kazi kwa wasomi wa kigeni, kwa mtu aliyehitimu ndani ya miaka mitatu, mwaka huu inataka mshahara usiopungua euro 43,759.80. Pungufu ya hapo naweza kupata kibali cha kawaida cha mtaalamu, na kwa kuwa nimesoma hapa, ukaazi wa kudumu ningeuomba baada ya miaka miwili. Kwa Kadi, ukiwa na B1, ni miezi 21. Tofauti ya miezi mitatu haikunyimi usingizi. Ila Kadi ni Kadi, na 42,000 niliona wamenipimia kwa kipimo cha mgeni.

Kaka mmoja wa Mombasa, yuko Düsseldorf miaka kumi, kanishauri: "Taja namba, unyamaze. Sisi tukishataja bei huwa tunaendelea kuongea mpaka tunaishusha wenyewe."

Ijumaa nikataja 45,000 na sababu mbili: kima cha Kadi, na kwamba tangu Mei nafanya matamko peke yangu. Nikanyamaza. Ulimi ulikuwa unaniwasha kusema "lakini tunaweza kuelewana". Nikahesabu matishari kwenye picha ukutani kwake. Yalikuwa manne. Akasema: 3,700 kwa mwezi, yaani 44,400.

Ningekubali hata 42,000. Hilo yeye hajui.

Jumapili, 7 Septemba

Tasnifu imekabidhiwa. Mkataba umesainiwa. Kibali cha mwanafunzi hakiwezi kubeba kazi ya muda wote, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ofisi ya wageni. Kwa kuwa niko kwenye kima cha chini cha Kadi, Shirika la Ajira la Taifa nalo lazima liridhie mkataba wangu.

Faili la Excel, safu ya mwisho. Kwa simu na kwa CV, jumla 46. Usaili: mmoja. Kazi: moja.

Miadi: Jumanne 23 Septemba, saa 2:40 asubuhi. Vya kubeba:

Pasipoti. Imebakiwa na miaka sita, sawa.
Picha moja.
Mkataba, na ile fomu ya maelezo ya ajira ambayo mwajiri anajaza. Ipo.
Barua ya chuo kwamba nimefaulu. Bado, niulizie Jumatatu.
Uthibitisho wa bima ya afya. Upo.
Mkataba wa nyumba. Upo.
Cheti cha B2. Matokeo hayajatoka, nibebe B1.
Barua ya Kurasini. Hawajaiomba. Nabeba.